Tuta la sita: neti, ndege, na kabichi zilizoharibikia ndani

Simu iliita Jumanne asubuhi, saa moja kasoro. "Bwana shamba, njoo uone. Neti zako zinafuga wadudu." Alisema "zako" makusudi. Neti alinunua yeye kwa hela yake, ila ushauri ulikuwa wangu, na mama huyu si mtu wa kusahau nani alisema nini.

Shamba lake liko kwenye miteremko ya chini ya Mlima Meru, upande wa Tengeru. Juu kuna migomba na mibuni michache iliyozeeka, chini kando ya mfereji kuna kipande cha mboga. Mwaka mzima hapo hakukosekani loshuu na mnavu vya kupeleka sokoni Tengeru Jumatano na Jumamosi. Mvua zikishakata hupanda kabichi, kwa sababu wakati huo wenye zamu ya maji ni wachache na bei inapanda. Msimu ninaousimulia alipanda matuta sita, kila tuta mita 20 kwa urefu na mita 1.2 kwa upana, mistari miwili, nusu mita kati ya mche na mche. Hiyo ni miche 80 kwa tuta, 480 kwa jumla. Ilihamishwa kutoka kitaluni wiki ya kwanza ya Agosti. Simu ilikuja katikati ya Septemba.

Matuta matano yalikuwa yamefunikwa. La sita lilibaki wazi kwa sababu hela iliisha. Bila tuta hilo la sita nisingeelewa chochote.

Ilianza na ndege

Wanaomsumbua ni kuzumburu, wale ndege wa kijivu wenye kishungi na mkia mrefu, wanaotambaa kwenye matawi kama panya. Hawaji mmoja mmoja. Wanatoka kwenye ua wa michongoma wanane, kumi, wanashuka pamoja. Wengi wanadhani ndege anakula nafaka na matunda tu. Kuzumburu anakula jani, chipukizi, ua, tunda, chochote kilicho laini. Kwenye kabichi changa humega jani kutoka ukingoni kuja ndani na kuacha mshipa wa katikati umesimama. Mche uliopandwa jana unaukuta leo umebaki kijiti. Na kiangazi ndio wakati wao, maana nje ya mfereji kila kitu kimekauka na bustani inayomwagiliwa ndiyo kijani pekee wanachokiona.

Alijaribu yote ambayo watu hujaribu. Utepe wa kaseti uliovutwa kati ya vijiti ukalia kwa upepo, ukawafukuza siku tatu. CD zilizotundikwa kwa kamba zikafuata. Halafu sanamu yenye shati na kofia ya marehemu mzee wake. Siku ya nane nilimkuta kuzumburu ametua juu ya ile kofia anajinyoosha manyoya.

Msimu wa nyuma alinunua neti ya ndege, nyeusi, matundu ya sentimita 2, akaitandaza moja kwa moja juu ya miche bila fito wala tao. Ndege wakawa wanasimama juu ya neti na kudonoa kupitia matundu. Pale neti ilipolegea ikafanya mikunjo, na mikunjo ikawa mtego. Asubuhi moja tulimkuta shore amenasa: uzi umeuma bawa, mwingine umezunguka mguu mara tatu, naye kila akipapatika unakaza. Mama alimshika kwa upande wa kanga, mimi nikawa nakata nyuzi kwa wembe, moja moja, nikiogopa kumkata yeye. Aliporuka hakwenda mbali. Alitua kwenye mgomba akakaa pale muda mrefu mdomo wazi.

Baada ya siku ile neti ya ndege ilikunjwa ikatupwa stoo. Ndipo nilipomwambia anunue ya matundu madogo, nyeupe, aiweke juu ya matao. Hesabu yangu ilikuwa rahisi mno: tundu linalomzuia nondo, yule mdudu wa usiku anayezaa viwavi wa kabichi, litamzuia na ndege, basi kazi mbili kwa neti moja. Hesabu ile haikuwa na kosa upande wa ndege. Miezi yote iliyofuata hakuna kuzumburu aliyegusa jani ndani ya matuta matano.

Nilichokuta ndani

Ukisimama njiani ungesema mambo ni mazuri. Matao yalikuwa ya bomba jeusi la maji la nusu inchi, limepindwa na kuchomekwa kwenye vipande vya nondo (za chuma, sio hao wengine tutakaowazungumzia), na neti imelala juu yake safi. Kandokando ilishikiliwa kwa mawe.

Niliinua neti upande wa kichwa wa tuta la tatu nikaingiza kichwa. Miwani ikaingia ukungu hapohapo. Ilikuwa saa nne tu na kulikuwa na joto la chumba kisicho na dirisha. Nilipofuta miwani nikageuza jani: upande wa chini vidukari wamejaa, wa kijivu, kama mtu amemwaga unga wa mahindi ukashika. Majani ya katikati, yale yanayotakiwa kujikunja kuwa kichwa, yalikuwa yamepinda na kunata. Kwenye tuta la kwanza habari ilikuwa nyingine. Huko vidukari ni wachache, lakini majani yana madirisha: nyama ya jani imeliwa, imebaki ngozi nyembamba unayoweza kuona mwanga kupitia. Niligusa kiwavi mmoja, mdogo, kijani, urefu usiofika sentimita moja. Akajipinda kinyumenyume, akajiachia, akaning'inia kwa uzi. Huyo hahitaji kitambulisho. Ni mtoto wa nondo mgongo-almasi, adui nambari moja wa kabichi dunia nzima.

Mama alisimama nyuma yangu kimya. Nadhani alikuwa anasubiri niseme "piga dawa". Sikusema, kwanza kwa sababu sikuwa najua bado kilichotokea, na pili kwa sababu nondo huyu na dawa ni watu wanaojuana siku nyingi. Ndiye aliyeripotiwa kuizoea dawa ya DDT huko Java, Indonesia, mapema miaka ya 1950, na tangu hapo kila kizazi cha dawa kilicholetwa kimeishia kupungukiwa nguvu mbele yake. Kwa joto la huku anamaliza mzunguko wake kwa wiki mbili hadi tatu, kwa hiyo anapata vizazi vingi vya kujifunza ndani ya msimu mmoja.

Nilichofanya ni kuomba kigoda na daftari. Nikapita kila mche, tuta kwa tuta, nikaandika nani ana nini na yuko wapi. Ilichukua mpaka saa nane. Mama aliniletea makande pale pale nikala bila kunyanyuka.

Ramani ya uharibifu

Kuandika "yuko wapi" ndiko kulikonisaidia. Kama ningehesabu tu miche iliyoathirika kwa jumla, ningeondoka na jibu kwamba neti haifai.

Viwavi walikuwa pembeni. Tuta la kwanza, ule mstari unaotazama shamba la jirani uliliwa karibu wote, na mstari wa ndani nusu ya huo. Ncha mbili za kila tuta zilikuwa na madirisha zaidi ya katikati. Shamba la jirani kabichi zilivunwa Julai na visiki vikaachwa, vikachipua, na kwenye yale machipukizi nondo walikuwa wanazaliana bila bughudha. Jioni ukitikisa kisiki kimoja unawaona wanaruka kwa mkupuo mfupi na kutua tena.

Vidukari walikuwa na ramani tofauti. Hawakujali pembeni wala katikati. Walijaa matuta ya pili, la tatu na la nne, kwa mafungu, na ukivuka kwenda la tano wanakatika ghafla. Neti hiyo ilikuwa na matundu kama kumi ndani ya sentimita moja, kwa hiyo kila tundu ni chini kidogo ya milimita 1. Nondo hapiti hapo. Kidukari mwenye mabawa anapita bila hata kuinama. Lakini kama wangekuwa wanaingia kwa matundu, mbona la tano wasiingie? Neti ni ile ile, imekatwa kwenye robota moja.

"Mama, miche ya matuta haya ilitoka wapi?"

"Ya kwangu haikutosha, baba. Ya hapa katikati nilinunua kule kwa yule kijana wa kitalu cha barabarani."

Kumbe. Miche 240 iliingia na vidukari mgongoni, ikapandwa, na siku tatu baadaye ikafunikwa kwa uangalifu mkubwa.

Tuta la tano lilikuwa la kushangaza. Miche yake mwenyewe, safi, na viwavi niliwahesabu kwenye miche minne tu. Nikadhani ni kwa sababu liko mbali na visiki vya jirani. Halafu nilijaribu kuinua neti ikakataa. Wiki ile ile ya kupanda walisafisha mfereji, na vijana waliokuwa wanachimba walitupa tope upande wa tuta hilo, juu ya ukingo wa neti. Tope likakauka. Hakuna aliyepanga, lakini tuta hilo ndilo pekee lililokuwa limefungwa kweli.

Na la sita, lililo wazi: miche 30 na kitu imedonolewa na kuzumburu mpaka mingine imekufa, viwavi wapo, vidukari wapo. Ila vidukari wa huko walikuwa wachache, na kati yao kulikuwa na wengine waliovimba, wa rangi ya kahawia, wakavu kama punje za mtama, kila mmoja na kitundu mgongoni. Hao wameshaliwa kutoka ndani na nyigu wadogo wasioonekana vizuri kwa macho. Nilikuta pia mbawakawa wekundu wenye madoa meusi na watoto wao, wale wanaofanana na mamba wadogo, wakila vidukari kama njugu. Chini ya neti sikukuta hata mmoja.

Sentimita sita

Nianze na kosa la pembeni, maana ndilo linalorudiwa shamba baada ya shamba.

Tuta lina upana wa mita 1.2. Tao lenye upana huo na kimo cha sentimita 60 ni nusu duara. Ukilipima kwa kamba kutoka ardhini upande huu mpaka ardhini upande wa pili unapata karibu mita 1.9. Duka la pembejeo lilimuuzia neti ya upana wa mita 2. Toa 1.9, gawa mbili: zinabaki sentimita tano au sita kila upande za kushika ardhi. Huwezi kufukia sentimita sita. Ukijaribu, upepo wa kwanza unazifukua. Kwa hiyo aliweka mawe, na mawe yanashika pale yalipo tu. Kati ya jiwe na jiwe neti inapanda na kushuka na upepo, ikiacha mdomo unaotosha kupitisha vidole viwili. Nondo wa milimita chache haombi zaidi ya hapo.

Ili kufukia vizuri unahitaji sentimita 30 kila upande, maana yake neti ya mita 2.5. Na urefu vilevile: tuta la mita 20 linataka mita 22, kwa sababu neti inashuka sentimita 60 kila kichwa na kufukiwa nyingine 30. Muuzaji hakuuliza upana wa tuta wala kimo cha tao. Na mimi niliyemshauri sikumwandikia. Nilimwambia "neti nyeupe ya matundu madogo", kana kwamba neti inauzwa kwa tabia na sio kwa mita.

Kulikuwa pia na jambo dogo la majani kugusa neti. Kabichi zilipokua, majani ya nje yalisukuma neti pembeni, na pale yalipogusa nondo aliweza kutaga mayai kutokea nje. Tao la kimo cha sentimita 60 linatosha kwa kabichi ikiwa miche haikupandwa karibu mno na ukingo wa tuta. Ya kwake ilikuwa kiganja kimoja tu kutoka ukingoni.

Kufunga mlango mwizi akiwa chumbani

La vidukari ni gumu zaidi, kwa sababu hapo neti ilifanya kazi yake barabara na ndiyo iliyoharibu. Ilimzuia kila anayewala.

Watu wa mboga tumekuwa tukihangaikia kuleta maadui wa wadudu kwa gharama kubwa. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe cha Nairobi kilimchukua nyigu Diadegma semiclausum kutoka Taiwan, na mwaka 2002 akaanza kuachiliwa Kenya, milima ya Taita, na baadaye akafika mashamba ya huku kwetu. Huyo hutaga yai ndani ya kiwavi wa nondo mgongo-almasi. Amesafiri bahari nzima kuja kufanya kazi hiyo, halafu sisi tunamwekea neti mlangoni.

Kidukari hahitaji dume wala yai ili aongezeke. Jike linazaa watoto hai, na watoto hao ndani ya siku chache nao wanazaa. Ukimpa joto la chini ya neti, unyevu, utulivu wa upepo, na ukamwondolea kila mbawakawa na kila nyigu, umemjengea wodi ya uzazi. Kama miche ile 240 ingekaguliwa upande wa chini wa jani kabla ya kupandwa, na yenye vidukari ikasafishwa au kuachwa, neti ingewakuta nje. Tuta la tano ni ushahidi: lilifungwa msimu mzima, likapata joto lile lile, na halikuzalisha vidukari wa maana kwa sababu hawakuwemo siku ya kufunga.

Sota naye hapaswi kusahaulika. Tuta la tatu, kichwa cha mashariki, miche 12 ilikatwa usawa wa ardhi wiki ya kwanza kabisa. Kiwavi huyo anaishi udongoni, na neti haijawahi kufunika udongo kutoka chini.

Kila mdudu na saa yake

Hapa ndipo nilipolazimika kurudi nyuma kwenye jambo nililolijua na sikulitumia.

Miaka ya 2000 watafiti na wakulima wa Benin walijaribu kufunika kabichi kwa neti za aina ya chandarua, na kulinganisha na kupiga dawa. Baadaye kazi hiyo ilifika Afrika Mashariki: Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro walijaribu neti kwenye mboga mbalimbali, na A to Z Textile Mills ya hapa Arusha, wanaojulikana kwa vyandarua vya mbu, wakaingia kwenye kutengeneza neti za shambani. Jambo lililonivutia kwa Benin ni kwamba hawakufunika muda wote. Walifunika jioni, wakafunua asubuhi. Nondo mgongo-almasi anaruka na kutaga kuanzia magharibi na usiku. Mchana amejificha chini ya majani. Ukifunua mchana, jua na upepo vinaingia, joto linatoka, na mbawakawa na nyigu wanaofanya kazi mchana wanaingia kula.

Ni akili nzuri. Lakini pale Tengeru ina shimo moja kubwa: mchana ndio saa ya kuzumburu. Ukifunua kabichi saa moja asubuhi, saa mbili wameshafika.

Nilikaa na hilo siku mbili. Jibu lilikuwa stoo, limekunjwa, lina mavi ya panya. Neti ya ndege, yenye matundu ya sentimita 2, inamzuia kuzumburu na haimzuii mbawakawa wala nyigu wala upepo. Ilishindwa msimu wa nyuma kwa sababu ililazwa juu ya miche ikiwa imelegea. Ikivutwa ikakaza juu ya matao yale yale, jani halifikiwi na mdomo wa ndege, na hakuna mkunjo wa kumnasa shore. Hivyo usiku neti nyeupe, mchana neti nyeusi. Nilipomweleza, mama alinitazama kidogo.

"Kwa hiyo ile uliyoniambia niitupe."

"Ndiyo, mama."

"Haya."

Tulichofanya

Neti ya ndege ilitosha matuta mawili tu, tukachagua la pili na la tatu ambayo yalikuwa na vidukari wengi kuliko yote. Tuliiosha kwanza. Kila jioni kabla jua halijazama neti nyeupe inavutwa juu, kila asubuhi inakunjwa upande mmoja na nyeusi inabaki. Mjukuu wake wa darasa la sita ndiye aliyeifanya kabla ya kwenda shule na baada ya kurudi. Kwa matuta mawili haikuzidi dakika kumi.

Tuta la nne lilibaki limefungwa kwa sababu mama alitaka kuona, na mimi pia. Huko tulitumia maji ya sabuni, vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji kwa lita moja, kwa kulenga upande wa chini wa majani, jioni, baada ya kujaribu kwenye miche mitatu kuhakikisha haiungui. Tulirudia kila siku ya nne. Ni kazi ya mgongo.

Tuta la kwanza tuliongeza upana wa neti kwa kushonea vipande vya chandarua kilichotoboka, kilichokwisha kazi, kisha tukafukia. Niseme wazi hapa, maana najua swali litakuja: chandarua kizima cha kitandani mahali pake ni kitandani. Na viwavi waliokuwa wameshaingia tuliwapiga kwa dawa ya Bt, ile inayotokana na bakteria Bacillus thuringiensis, jioni ili jua lisiiharibu. Kiwavi lazima ale jani lililopigwa ndipo afe, na nyigu hadhuriki. Jirani tulimwomba ang'oe visiki. Aling'oa baada ya wiki tatu na kuombwa mara nne.

Kwenye la pili na la tatu, wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika na nilianza kupata wasiwasi. Wiki ya pili nikaona mbawakawa wawili. Baada ya siku chache zile punje za kahawia zilikuwa kila jani. Vidukari hawakuisha kabisa, lakini majani mapya ya katikati yalianza kutoka yamenyooka.

Hesabu ya mwisho

Zilizovunwa zikiwa na kichwa cha kuuzika ni hizi: tuta la kwanza 34, la pili 48, la tatu 37 (kumbuka 12 alizokula sota), la nne 41, la tano 67, la sita 29. Jumla 256 kati ya 480. Huo sio msimu wa kujisifia.

Lakini angalia ndani yake. Neti na bomba za tuta moja zilimgharimu mama sawa na kabichi 70 kwa bei aliyouzia siku ya kwanza sokoni. Tuta la tano lilizidi tuta wazi kwa kabichi 38. Kwa mwendo huo neti imejilipa kabla msimu wa pili haujaisha. Matuta manne ya kwanza, ukichukua wastani, yalizidi tuta wazi kwa 11 tu. Kwa mwendo huo neti ile ile, ya duka lile lile, inajilipa msimu wa saba, kama panya na jua vitaiachia msimu wa saba. Tofauti yote hiyo imetoka kwenye tope la mfereji na kwenye mahali miche ilipokuzwa.

Dawa sijaihesabu humo. Majirani wanaopanda kabichi kiangazi hupiga kila wiki, na mama alipiga mara mbili, tuta moja.

Kuna wanaoniuliza kama mpango wa neti mbili unafaa kwa kila mboga. Hapana, na nitaje moja tu. Kijana wa jirani alifunika matango yake kwa neti nyeupe usiku na mchana, akapata majani ya kupendeza na maua mengi ya manjano, na tango hakuna, kwa sababu nyuki hawakupata njia. Kabichi tunakula jani, haijali nyuki. Matango, maboga na matikiti yakianza kutoa maua lazima mchana yawe wazi kwa nyuki.

Februari mama aliniambia nimsindikize mjini kununua neti ya tuta la sita. Alikuwa amebeba kamba ya katani kwenye kikapu, ina fundo. Dukani muuzaji alitandaza neti nyeupe juu ya kaunta na kusema, "Mama, hii mita mbili, inatosha kabisa." Mama akatoa kamba, akashika ncha moja ukingoni mwa neti, akanipa mimi ncha yenye fundo niivute. Fundo likapita ukingo wa pili na kuendelea kwa nusu mita. Akaikunja kamba taratibu, akairudisha kikapuni, akamuuliza ya mita tatu inaingia lini.